Nyimbo za Kijapani za Kuimba: Anza na Zipi, Uziimbeje

Wengi huanza na "Idol" ya YOASOBI, na wengi hukwama hapo hapo. Wimbo huo ulitoka Aprili 2023 kufungulia katuni ya Oshi no Ko, ukazagaa dunia nzima, na ukiusikiliza unaona ni mchezo. Shika maiki uone. Maneno yanamiminika bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi, sauti inapanda na kushuka ndani ya mstari mmoja, na mwimbaji wake, ikura, ana koo lililozoeshwa kazi hiyo. Anayeanza na wimbo kama huo anajikatisha tamaa kwa hiari yake.

Mwongozo huu ni wako, dada unayezipenda nyimbo za Kijapani ulizozikuta kwenye katuni, tamthilia au TikTok, na sasa unatamani kuziimba. Huenda uko masomoni Osaka na wenzako wamekualika karaoke Ijumaa. Huenda uko nyumbani na unataka tu kuimba vizuri jikoni. Wanaume hawakufukuzwa, ila nyimbo nilizochagua ni zile ambazo wanawake wa Japani wenyewe huzisikiliza na kuziimba, wasichana wa shule hadi bibi zao. Kanuni ninayoisimamia ni moja: wimbo uchaguliwe kwa sauti yako na kwa kasi ya maneno yake, umaarufu uje baadaye.

Kwa nini nyimbo hizi zinaimbika

Karaoke ilizaliwa Japani, na hilo limeugusa muziki wa huko kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1971, katika mji wa Kobe, mwanamuziki wa baa aliyeitwa Daisuke Inoue alianza kukodisha mashine za kupiga muziki usio na sauti ya mwimbaji, ili wateja waimbe wenyewe. Hakuisajili hataza, kwa hiyo utajiri ukaenda kwa wengine. Alichoambulia ni tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, upande wa amani, mwaka 2004. Katika miaka ya 1980 yakaja majengo ya vyumba vidogo vya kukodi, na hapo ndipo wanafunzi, akina mama na kina shangazi walipopata pa kuimba bila kukaa baa na walevi.

Faida yako ni hii: miaka ya 1990 singo nyingi za CD za Kijapani ziliuzwa zikiwa na muziki mtupu wa wimbo ule ule, na desturi hiyo haijafa. Kabla ya kuhangaika na muziki wa kuigiza uliotengenezwa na mtu chumbani kwake, tafuta kwanza toleo rasmi lisilo na sauti ya mwimbaji. Mara nyingi lipo kwenye albamu au singo yenyewe.

Mdomo wako una nusu ya kazi tayari

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi nyingi huishia kwenye irabu. Kijapani kikiandikwa kwa herufi za Kirumi, sh, ch, j, ny na y unazisoma kama unavyosoma gazeti la Kiswahili. Hata ile n inayosimama peke yake kama silabi unayo, kwenye "nchi" na "nne". Katika wimbo wa Kijapani n hiyo hupewa noti yake, basi usiimeze. Na ukisikiliza waimbaji wa zamani utasikia g ya katikati ya neno ikipitia puani, ile ile ya "ng'ombe", kitu ambacho wageni wengine hukitafuta kwa taabu.

Shida inaanzia pale Kiswahili chako kinapokudanganya. Kuna mahali pa kuangalia panne:

1. Mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Utaimba sa-KU-ra kwa sababu ulimi umezoea. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo: silabi zote hupewa nguvu sawa, na kinachopanda au kushuka ni sauti. Sema sa, ku, ra kwa kupiga kofi moja kwa kila silabi, makofi yawe sawa.

2. Urefu wa irabu. Irabu yenye mstari juu yake, kama ō au ū, hushikwa mara mbili ya ile fupi. Kwenye maandishi mengine utaona "ou", nayo mara nyingi ni o ndefu. Ukiikata, noti inayofuata itakuja mapema na utaachana na muziki.

3. Konsonanti mbili. "Kite" ni njoo. "Kitte" ni stempu ya barua. Zile t mbili zinataka ukae kimya kwa pigo moja kabla ya kuendelea. Ukimya huo nao unahesabiwa kwenye mapigo. Wanaoanza huuruka, wakashangaa kwa nini wamemtangulia mwimbaji.

4. Pahali pa kuvuta pumzi. Hapa ndipo wazungumzaji wa Kiswahili wengi huharibu. Viunganishi vyetu, "ya", "kwa", "na", hulitegemea neno linalofuata. Vya Kijapani, kama wa, ga, ni, o, to na kara, hulitegemea neno lililotangulia. Vuta pumzi baada yake, kamwe usivute kabla. Ukivuta kabla, msikilizaji wa Kijapani atahisi umelikata neno mkono.

Yaliyobaki ni madogo. U yao haichongoi midomo kama yetu. R ni mguso mmoja wa ulimi, usiitetemeshe. "Tsu" itakusumbua kidogo. Sema "t" na "su" kwa pamoja bila kuingiza irabu katikati, na uifanyie mazoezi ukiosha vyombo. "Wo" peke yake mara nyingi husomwa "o".

Je, lazima ujifunze maandishi yao? Kwa wimbo mmoja au miwili, hapana. Ukitaka kuendelea, jifunze hiragana. Herufi za msingi ni 46. Ukishika tano kwa siku, siku kumi zinatosha. Sababu ni ya vitendo: skrini za karaoke Japani huonyesha maneno kwa maandishi ya Kijapani, na juu ya zile alama ngumu za Kichina huwekwa hiragana ndogo za kusaidia kusoma. Mwenye hiragana tayari ana pa kujishikiza.

Chagua wimbo: kwanza ijue sauti yako

Kama umewahi kuimba kwaya, unajua kama uko soprano au alto. Kama hujawahi, imba wimbo wowote unaoupenda bila muziki, kwa raha, kisha usikilize rekodi yake. Sauti iliyotoka bila kulazimishwa ndiyo nyumba yako. Nyimbo za miaka ya karibuni zimepanda juu sana, nyingine zinadai kuruka kutoka sauti ya kifuani kwenda ya kichwani kila baada ya maneno machache. Nyimbo za miaka ya 1970 hadi 1990 nyingi zina huruma zaidi.

*Za kuanzia*

"Mirai e" ya Kiroro, 1998. Kama ningeruhusiwa kupendekeza wimbo mmoja tu katika mwongozo mzima, ni huu. Kiroro ni wanawake wawili kutoka Yomitan, Okinawa, mmoja sauti na mmoja piano. Mwendo ni wa polepole, maneno ni machache na yanajirudia, na mada ni binti anayemshukuru mama yake aliyemwongoza. Muziki wake ulichukuliwa Taiwan, ukawekewa maneno ya Kichina, ukawa mashuhuri huko pia. Makosa yako yote manne ya hapo juu utayasikia wazi ndani yake, na utakuwa na nafasi ya kuyarekebisha.

"Marigold" ya Aimyon, 2018. Huu ni wa gitaa, unakaa katikati, hauchoshi koo. Aimyon ana sauti nzito kidogo kwa mwanamke wa pop, kwa hiyo wenye alto wataupenda. Angalia kiitikio: maneno yanakuja kwa vifungu vifupi, na anayekimbilia mbele anaharibu ladha.

"Nada Sōsō", toleo la Rimi Natsukawa, 2001. Muziki ni wa kundi la BEGIN la kisiwa cha Ishigaki, maneno ni ya mwimbaji Ryoko Moriyama, aliyeyaandika akimkumbuka kaka yake aliyefariki. Kuujifunza ni rahisi. Kuuimba mbele za watu bila koo kukukaba ni habari nyingine. Usiupeleke kwenye sherehe.

"Makenaide" ya ZARD, 1993. Ni wimbo wa kutiana moyo, wa mbio za shule na mitihani, na karibu kila Mjapani aliyepita miaka thelathini ataungana nawe kwenye kiitikio. Mtu mwenye haya aanze na huu, maana hataachwa aimbe peke yake.

*Za hatua ya pili*

"First Love" ya Hikaru Utada. Albamu yenye jina hilo ilitoka Machi 1999, Utada akiwa na miaka 16, na ikauza zaidi ya nakala milioni 7 ndani ya Japani. Hakuna albamu iliyowahi kuizidi huko. Mwaka 2022 Netflix ilitoa tamthilia yenye jina hilo hilo, na kizazi kipya kikaupokea wimbo kama wa jana. Ugumu wake ni pumzi na mnong'ono: beti huimbwa chini kama mtu anayejisemea, kisha kiitikio kinapanda ghafla. Wengi hutumia nguvu zote mwanzoni na kufika juu wakiwa wameishiwa. Anza kwa sauti ndogo kuliko unavyodhani inafaa.

"Yuki no Hana" ya Mika Nakashima, 2003, ni wa majira ya baridi, wa taratibu, wenye noti ndefu. Pumzi yako itapimwa hapa.

"Everything" ya MISIA, 2000. Nautaja hata kama ni mgumu, kwa sababu MISIA ana undugu fulani na upande wetu: alifika Kenya mwaka 2007, na baada ya hapo akajihusisha na misaada ya elimu kwa watoto wa Afrika. Ndiye pia aliyeimba wimbo wa taifa wa Japani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021. Koo lake ni la kanisani, la soul. Dada aliyekulia kwenye kwaya za injili atajisikia nyumbani, mradi asijaribu kumzidi MISIA mwenyewe.

*Za wenye sauti nzito*

Momoe Yamaguchi ndiye kimbilio. Aliimba miaka ya 1970, akastaafu akiwa na miaka 21 tu, na katika onyesho lake la mwisho pale Nippon Budokan, Oktoba 1980, aliweka maiki sakafuni akaondoka. Jaribu "Cosmos" ya 1977, iliyotungwa na Masashi Sada: binti anakaribia kuolewa na anamtazama mama yake. Miyuki Nakajima naye, kupitia "Ito" ya 1992, hukaa chini na hana haraka. "Ito" ulipita miaka kadhaa bila kelele, ndipo ukageuka kuwa wimbo wa harusi.

*Za kufurahisha chumba*

"Diamonds" ya Princess Princess, 1989, bendi ya rock ya wanawake watupu, na wimbo uliouza kuliko wote Japani mwaka ule. "Koisuru Fortune Cookie" ya AKB48, 2013, una densi ya mikono ambayo hata wafanyakazi wa ofisi za mikoa walijirekodi wakiicheza. Ukiijua densi, hakuna atakayekukagua sauti. "Zankoku na Tenshi no Thesis" ya Yoko Takahashi, 1995, kutoka katuni ya Evangelion, huimbwa na kila rika.

*City pop*

Hizi ndizo nyimbo za miaka ya 1970 mwishoni na 1980 ambazo intaneti imezifufua. "Mayonaka no Door / Stay With Me" ya Miki Matsubara ilitoka 1979. Mwishoni mwa 2020 ikasambaa TikTok duniani, wakati mwimbaji mwenyewe alishafariki mwaka 2004. "Plastic Love" ya Mariya Takeuchi ni ya 1984, na mtayarishaji wake ni mumewe, Tatsuro Yamashita. Ni tamu kusikiliza kuliko kuimba, kwa maoni yangu. Mdundo ndio unaozibeba, na ukiimba nyuma ya mdundo hata kidogo, zinapoa kama chai iliyosahaulika. Zijifunze kwa kutembea: hatua moja, pigo moja.

> KISANDUKU: Orodha ya kukagua kabla ya kuamua wimbo
> ☐ Nimeusikiliza wote, si kipande cha TikTok tu
> ☐ Noti ya juu kabisa naifikia bila kukaza shingo
> ☐ Noti ya chini kabisa inasikika, haipotei
> ☐ Naweza kuyasema maneno ya kiitikio kwa kasi yake bila muziki
> ☐ Najua wimbo unahusu nini: kupenda, kuachwa au kufiwa
>
> Ukikosa alama mbili au zaidi, uweke wimbo huo akiba, uchukue mwingine.

Kujifunza wimbo mmoja, hatua kwa hatua

Watu hutaka kuanza na maneno. Yaache kwanza. Sikio likishika umbo la wimbo, maneno hupata pa kukaa. Yakitangulia maneno, utabaki unasoma badala ya kuimba.

1. Sikiliza wimbo kwa siku mbili tatu bila kusoma chochote, ukipika au ukiwa kwenye daladala, hadi uweze kuufuatisha kwa mluzi.

2. Imba muziki wote kwa "la" au "na". Pale unapopotea na "la", maneno hayatakuokoa.

3. Pata maneno kwa herufi za Kirumi, uyaandike kwa mkono wako. Weka mstari juu ya irabu ndefu, duara kwenye konsonanti mbili, na alama ya mkato pale utakapovuta pumzi, baada ya wa, ga, ni, o, to.

4. Soma tafsiri ya kila ubeti na uandike pembeni kwa Kiswahili, neno moja au mawili tu: "anamsubiri", "mvua", "amekwenda". Uso na sauti vinahitaji kujua kinachosemwa. Nimeona watu wakitabasamu katikati ya wimbo wa kilio.

5. Yaseme maneno bila kuimba, kwa makofi, polepole. Kisha punguza kasi ya video hadi 0.75, uimbe juu yake. Rudi kwenye kasi ya kawaida pale tu ulimi unapoacha kujikwaa.

6. Jifunze kiitikio cha mwisho mapema. Nyimbo nyingi za Kijapani hupandisha muziki kwa nusu toni au zaidi karibu na mwisho, na waimbaji wengi hufika hapo wakiwa wamechoka na hawajapafanyia mazoezi.

7. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Siku hiyo hiyo masikio hukupendelea.

Jambo dogo kuhusu sauti. Wako wanaodhani wimbo wa Kijapani lazima uimbwe kwa sauti nyembamba ya kitoto, kama msichana wa katuni. Hiyo ni mbinu ya baadhi ya nyimbo tu. Ukiitumia kwa Miyuki Nakajima utachekwa, na koo litakuuma. Usibadilishe pia maneno ya nafsi. Wanawake wa Japani huimba nyimbo za wanaume, na waimbaji wa kike huimba kwa "boku", ambalo katika mazungumzo ni "mimi" ya kiume, hakuna anayeshtuka.

Ndani ya chumba cha karaoke, Japani

Vyumba hivi viko karibu na kila kituo kikubwa cha treni. Malipo huhesabiwa kwa mtu na kwa nusu saa. Mchana wa siku za kazi ni nafuu, usiku wa wikendi ni ghali. Ukitaka kuimba peke yako, ni jambo la kawaida na lina jina lake, hitokara. Kwa mwanafunzi wa wimbo mpya, hitokara ya mchana ndiyo darasa la bei rahisi kuliko yote.

1. Mapokezi watakuuliza mko wangapi, mnataka muda gani, na mara nyingine mashine ipi. Mbili kubwa ni DAM na JOYSOUND. Kama wimbo wako ni wa katuni au si wa kawaida, hakiki kwenye tovuti zao kabla ya kwenda.

2. Uliza utaratibu wa vinywaji. Sehemu nyingi hulazimisha kila mtu aagize angalau kinywaji kimoja, au alipie mashine ya kujihudumia. Bei iliyoandikwa nje mara nyingi haijajumlisha hicho, na hapo ndipo wageni hushtukia bili.

3. Chumbani kuna kompyuta bapa ya kuchagulia nyimbo. Tafuta kitufe cha kubadilisha lugha. Unaweza kutafuta kwa jina la wimbo au la mwimbaji.

4. Kabla ya kuimba, rekebisha ufunguo wa muziki. Kila hatua ni nusu toni. Kama wimbo wa mwanamke mwenye sauti ya juu unakukaba, shusha hatua mbili, ujaribu, kisha moja moja. Kwa wimbo wa mwanaume wa zamani, anza kwa kupandisha tatu hadi tano. Nyimbo za wanaume za siku hizi, kama "Pretender" ya Official Hige Dandism, ziko juu kiasi kwamba wanawake wengi huziimba bila kugusa chochote. Kushusha ufunguo hakumvunjii mtu heshima. Wajapani wenyewe hufanya kila siku.

5. Punguza mwangwi wa maiki unapofanya mazoezi. Mwangwi mwingi huficha makosa, na wewe umekuja kuyasikia.

6. Simu ya ukutani ikilia karibu na mwisho wa muda, mapokezi wanakuuliza kama unaongeza. Ukisita, sema hapana. Wikendi nyongeza inaumiza mfuko.

Mashine pia hutoa alama. Inapenda noti zilizopigwa sawasawa na mtetemo wa sauti uliopangika. Haijui kama umemgusa mtu. Itumie kujua ni mstari gani unakosea, kisha izime marafiki wakiwepo.

Adabu, na wimbo wa mahali pake

Ukiwa na kundi, ingiza wimbo mmoja, subiri zamu irudi. Usiimbe juu ya wimbo wa mwenzako isipokuwa amekuita. Mpigie makofi hata kama ameboronga, na usichague wimbo ambao unajua ndio wake wa siku zote, kwa maana watu wengi wana wimbo wanaojulikana nao. Kama ni karamu ya kazini na wakubwa wamefika umri, chagua kitu wanachokijua: "Akai Sweet Pea" ya Seiko Matsuda, 1982, hulainisha nyuso za watu wa miaka hamsini na sitini haraka kuliko hotuba. Muziki wake ulitungwa na Yumi Matsutoya kwa jina la kubuni.

Harusini, kuwa makini zaidi. Wajapani huepuka kwenye ndoa maneno ya kukata, kuachana na kumalizika, na wimbo wa kuachwa huonekana kama mkosi hata uwe mtamu kiasi gani. "First Love" usiuguse. "Ito" unafaa, na "CAN YOU CELEBRATE?" ya Namie Amuro, 1997, umekuwa wimbo wa harusi tangu ulipotoka.

> TAHADHARI: Kabla ya kupakia video yako
> YouTube ina makubaliano na JASRAC, chombo kinachosimamia haki za watunzi Japani, kwa hiyo kuimba utunzi wa mtu kwa gitaa au piano yako mwenyewe kwa kawaida hakuleti shida. Muziki unaotoka kwenye mashine ya karaoke ni mali ya kampuni ya mashine, na makubaliano hayo hayaugusi. Usirekodi chumbani ukapakia. Muziki wa CD nao una mwenyewe. Piga ala, au mwombe rafiki akupigie.

Makosa ninayoyasikia mara kwa mara

Kujifunza sekunde kumi na tano za wimbo na kudhani unaujua. Kuanza juu mno kwa sababu mwimbaji anaanza juu. Kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Nimeshalisema, nalirudia kwa sababu ndilo linalodumu. Kuongeza madoido ya sauti kila mahali: nyimbo za pop za Kijapani nyingi hutaka noti iliyonyooka, na madoido mazito ni ya enka, zile nyimbo za hisia nzito za mtindo wa zamani. Ukiyapenda hayo, mfuate Sayuri Ishikawa na "Amagi-goe" ya 1986, lakini mpe mwaka. Aliyelelewa na taarabu, nadhani, atafika huko mapema kuliko sisi wengine.

Ukishakuwa na nyimbo tatu zilizokaa mdomoni, tafuta za kuongeza kwenye Kōhaku Uta Gassen, onyesho la NHK, shirika la utangazaji la Japani, la kila tarehe 31 Desemba, ambapo wanawake huimba upande mwekundu na wanaume upande mweupe. Lipo kwenye televisheni tangu 1953, na jioni moja hukupa wa zamani na wa mwaka huo kwa pamoja. Hurushwa pia na chaneli ya NHK World Premium. Miaka ya karibuni huanza saa 1:20 usiku kwa saa za Japani, ambayo kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa 7:20 mchana. Kaa na kalamu, andika majina ya nyimbo unazoziweza, na zile zinazokupita uziache kwa sasa.